Kulungu wa Uwanda wa Bi Leona

Spokane, 24 Septemba 1979

Dada Ardis,

Kadi yako nimeipata. "Mwaka huu mtoni. Baba haendi." Basi, umemaliza! Umeandika kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Ningekupigia simu tubishane vizuri, lakini simu yenu ile ya waya mmoja na majirani wote siitaki. Mara ya mwisho nilimsikia mtu anatafuna katikati ya maongezi yetu, na hakuwa wewe.

Mtoni siendi. Nakuambia mapema ili usije ukasema sikusema. Kila mtu wa mjini akinunua fulana mpya ya kuwindia ya rangi ya chungwa anakimbilia mtoni, kwa kuwa ameona makorongo kwenye ramani na anadhani kulungu lazima ajifiche kwenye korongo. Ukisimama juu ya ukingo asubuhi unahesabu kofia za watu, si wanyama. Kulungu wetu wa masikio makubwa ni mnyama wa peupe. Anataka aone mbali. Analala kwenye mkunjo mdogo wa ardhi ambao wewe ukipita na gari unaapa kwamba hapo ni meza tupu, na yeye anakutazama mpaka unapotea. Haya Baba alitufundisha sote wawili, au wewe siku hiyo ulikuwa hujazaliwa?

Tutawinda uwanda wa juu wa Bi Leona Schatz, kama miaka yote. Jumamosi kabla ya msimu Baba atakwenda kubisha mlangoni kwake, avue kofia, aombe ruhusa kama vile hajawahi kuomba maishani. Bi Leona atasema ngoja nifikirie, na huku tayari anamimina kahawa. Atasema, "Haya, Gunder, lakini malango yaache ulivyoyakuta." Kisha paja la kwanza litakwenda kwake atengeneze soseji zake. Unajua kabisa inavyokwenda. Kitu gani kimekuingia mwaka huu?

Nimeomba likizo wiki ya tatu ya Novemba, madume wakiwa wamepumbazwa na majike na hawana akili. Mwambie Baba asafishe bunduki. Na uniandikie kama mtu, si kama posta.

Mdogo wako,
Lowell


Ranchi ya Brekhus, 2 Oktoba 1979

Lowell,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki.

Unataka niandike kama mtu, haya. Bi Leona amefunga ardhi yake. Hajawafungia wageni peke yao, ametufungia na sisi. Ametundika ubao langoni, ameuandika kwa rangi ya kupakia ghala: HAKUNA KUWINDA, HAKUNA KUJA KUOMBA. Umesoma hayo ya mwisho? Hata kuomba hataki.

Mwezi wa nane alikwenda Dakota kumzika dada yake. Ng'ombe wake aliwaacha kule uwandani, na lile lango la seng'enge linaloelekea kwenye kinu cha upepo kinachovuta maji alilitupa chini kwenye majani, wazi, ili waende kunywa na kurudi wenyewe. Mtu akapita, akalifunga. Wiki ile joto lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Bi Leona aliporudi aliwakuta wamelala wamejipanga kando ya seng'enge, ndimi nje, na maji wanayaona upande wa pili. Sita, pamoja na ndama wao. Aliwaburuta kwa trekta peke yake, mwanamke wa umri ule, kabla hajamwambia mtu yeyote.

Halafu akaja hapa kwetu. Hakukaa. Akauliza, "Nani amepita kwangu?" Mimi nilikuwa nakanda unga. Baba akainuka kwenye kiti chake, akasema, "Mimi, Leona. Nilipita kuangalia kulungu, nikalifunga." Bi Leona akamtazama muda mrefu, akatoka bila kuaga. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na unga wangu.

Baba yetu, Lowell! Mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, anafunga njia ya maji mwezi wa nane! Majira ya kuchipua alisahau sufuria jikoni ikaungua, nikajifanya sikuona. Hili siwezi kujifanya. Siku ileile nilichukua funguo za pikapu yake. Bunduki iko kwenye kabati la mume wangu, imefungwa. Nimezungumza na ile nyumba ya wazee mjini, watapata chumba baada ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Nilimwambia yote hayo mezani. Tangu siku hiyo anakaa dirishani, na akifungua mdomo ni kuomba chumvi.

Wewe uko Spokane unaniandikia habari za madume wasio na akili. Mimi ndiye ninayekutana na Bi Leona dukani na kuangalia viatu vyangu. Ukitaka kuwinda nenda mtoni na hao wenye fulana, na uende peke yako. Baba hatagusa bunduki tena.

Salamu hazikubaki.

Ardis


Spokane, 9 Oktoba 1979

Dada,

Barua yako imenikata maini. Pole kwa yote. Nampa pole Bi Leona pia, nipelekee kama unaweza.

Lakini sasa tuongee kama watu wazima. Ng'ombe wamekufa, ni jambo baya, hakuna anayesema ni zuri. Hata hivyo kufunga lango si kuchoma ghala la mtu. Mtu yeyote angeweza kulifunga. Bi Leona ana hasira sasa, na hasira hupoa. Baba ni mzee, na mzee watu humsamehe. Wewe nenda kwake na pai, kaeni, lieni kidogo, muongee. Nakuhakikishia mwezi wa kumi na moja ubao utakuwa umeng'olewa. Naona umekata tamaa kabla hata ya kujaribu, na hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni, jambo likikushinda mara moja unalizika.

Kuhusu nyumba ya wazee, wewe ndiye uliye naye, sitakubishia. Labda si vibaya. Kuna joto, kuna wazee wenzake wa kucheza nao karata.

Ila mahali pa kuwinda sibadilishi, na nikikwambia sababu utanielewa. Pale chini ya kinu cha upepo, ule mkunjo ambao ukiwa barabarani hauonekani kabisa, wanalala madume watatu. Asubuhi jua likiwapiga wanahamia upande wa magharibi wa mkunjo, wanalala na upepo mgongoni na macho yote uwandani. Mkubwa wao, Ardis, sijaona kitu kama kile. Pembe bado zimevaa ile ngozi laini ya manyoya, nene kama mikono yangu, na zimeyapita masikio kwa upana wa kiganja kila upande. Mnyama kama huyo huwezi kumwachia mtu mwingine. Ukitambaa kutoka mashariki, tumbo chini, unamfikia. Nimekwisha kupima kila kitu kichwani.

Kwa hiyo fanya upatane na Bi Leona. Mimi huku siwezi, ningekuwa hapo ningekwenda mwenyewe.

Lowell


Ranchi ya Brekhus, 15 Oktoba 1979

Lowell,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama kwenye sanduku la posta. Mara ya pili niliisoma nimekaa chini kwenye changarawe.

Ngozi laini ya manyoya! Unamwandikia nani, mke wa mwalimu wa Spokane? Umeniandikia mimi, niliyekulia nyumba moja na wewe! Mwezi wa tisa ukianza tu madume wanasugua pembe kwenye vichaka, ile ngozi inatoka vipande vipande, wanabaki na mfupa mtupu. Kila mtu wa huku analijua hilo. Wewe mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa Novemba iliyopita. Huyo dume mwenye ngozi kwenye pembe ulimwona lini? Na mkunjo usioonekana barabarani uliuona ukiwa wapi?

Ulikuwa hapa. Mwezi wa nane ulikuwa hapa, umelala kwa tumbo na darubini yako kwenye ardhi ya mjane aliyekwenda mazishini. Hukubisha mlango wa mtu yeyote, hata wa baba yako. Na ukafunga lango.

Halafu nakuandikia kwamba ng'ombe wamekufa kwa kiu, unanijibu "mtu yeyote angeweza kulifunga." Nakuandikia kwamba nampeleka Baba nyumba ya wazee kwa sababu ya lango lile, unanijibu habari za karata! Ulikaa chini, ukashika kalamu, ukaandika karata.

Na mimi, mjinga mkubwa, nimemfungia mzee wa watu bunduki yake. Nimekuwa namkatia nyama kwenye sahani kama mtoto! Nimemwambia daktari kwamba kichwa kimekwenda. Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko huu huu, na umri wako huo.

Utakuja. Utakwenda mlangoni kwa Bi Leona kwa miguu yako mwenyewe na utamwambia kwa mdomo wako. Sitaki barua nyingine yenye kulungu ndani yake.

Ardis


Spokane, 22 Oktoba 1979

Ardis,

Sawa, nilikuwa hapo. Umefurahi sasa?

Kazi ilinipeleka Billings, nikabaki na siku moja ya ziada. Nikaja kwa barabara ya magharibi, nikalala ndani ya gari, alfajiri nikapanda uwandani na darubini. Nikawaona wale madume. Wakati wa kutoka nikakuta lango liko chini kwenye majani. Nikadhani ni vijana wa mjini wamepita wakaliacha hivyo, wanavyofanya kila mwaka. Nikaliinua, nikalifunga vizuri, nikakaza na waya. Dada, nilidhani nafanya wema! Niliendesha gari mpaka Spokane nikijisifu.

Unaniuliza kwa nini sikufika nyumbani. Ningefika ungenishikisha uma wa majani kabla sijavua kofia, kwako mimi ni kibarua anayechelewa. Na Baba angeniuliza nimetoka wapi, nimeona nini, halafu angesema hapana, hapo sipo, tutakaa pale. Miaka yote ni yeye anayechagua. Mimi nina watoto wakubwa na bado naonyeshwa kwa kidole mahali pa kukaa! Mara moja tu nilitaka nije mimi nimwambie, "Baba, nifuate, najua alipo." Hilo lilikuwa kosa la jinai?

Kwa Bi Leona sitakwenda. Usipige kelele, fikiri kwanza. Nikisema ni mimi, hatanikanyagisha pale mpaka afe, na mwanawe atakayerithi ni mbaya kuliko yeye. Baba akibaki ndiye aliyefunga, ni mzee, atasamehewa. Wewe mwenyewe umesema alisimama akasema ni yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Ameamua kubeba, mimi ni nani nimnyang'anye?

Na jambo moja zaidi, kwa kuwa leo tunaambiana ukweli. Lango nilifunga mimi. Funguo hukunyang'anya wewe? Bunduki hukufungia wewe? Chumba mjini hukutafuta wewe? Usiniwekee hayo kwenye hesabu yangu. Ulikuwa unangoja sababu, nami nikakupa.

Lowell


Ranchi ya Brekhus, 29 Oktoba 1979

Lowell,

Aya yako ya mwisho imeniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake, na nakuchukia kwa kuwa wewe ndiye uliyeisema.

Nilikwenda kwa Baba. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikamwambia, "Baba, lango alilifunga Lowell."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

"Sasa kwa nini uliniacha nikuchukulie funguo? Kwa nini uliniacha nimpigie daktari? Ulikuwa na mdomo!"

Akaweka kisu chini, akanitazama. "Hukuniuliza, Ardis. Uliniambia."

Nilitoa funguo mfukoni nikaziweka mezani mbele yake. Hakuzigusa. Akachukua kiazi kingine. Nikasema naenda kwa Bi Leona sasa hivi kumweleza kila kitu, akasema, "Kaa chini. Mdomo unaotakiwa kule si wako." Nikamwambia na yeye pia ana makosa, kwamba ameniacha nimdhalilishe ili anione mimi ni mtu wa namna gani. Akasema, "Basi nimeona." Nikalia, Lowell, huku naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na yeye hakunibembeleza.

Nimewapigia watu wa mjini nikafuta chumba. Bunduki imerudi chumbani kwake, iko ukutani, haigusi. Leo asubuhi nimemwambia twende tukawinde mtoni, mimi na yeye, nitaendesha. Akasema hawindi anapopelekwa.

Msimu umeanza na baba yako amekaa dirishani kwa ajili yako. Bado zimebaki wiki za kutosha. Njoo useme. Simtaki huyo dume wako, na wala sikuombi uniombe msamaha, mimi nitajua la kufanya na hasira zangu. Ila mzee hatatoka nyumba hii akiwa ndiye aliyeua ng'ombe wa Leona. Kama hatatoka msimu huu, sidhani kama kutakuwa na mwingine. Goti lake la kushoto halikunji tena, na amepungua mpaka mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Nitaendesha mpaka Billings kukupokea hata kama kuna theluji.

Ardis


Spokane, 7 Novemba 1979

Ardis,

Likizo imefutwa. Kuna mtu kazini ameugua, na mimi ndiye niliyebaki wa kushika zamu yake. Sina la kufanya.

Nimeweka ramani ndani ya bahasha. Mpeleke Baba mtoni upande wa kusini, pale nilipotia alama ni ardhi ya serikali, hakuna mtu wa kuombwa ruhusa. Asikatae kwa ukaidi tu. Mwakani mambo yakiwa yamepoa nitazungumza na Bi Leona mimi mwenyewe ana kwa ana, naahidi.

Mwambie Baba namsalimu sana.

Lowell


Ranchi ya Brekhus, 19 Novemba 1979

Lowell,

Mimi si mwandishi. Aliyekuwa akiandika nyumba hii ni mama yenu. Barua zako Ardis amenisomea, na nimemwambia aisome hii kabla ya kuifunga, kwa hiyo nikisema ninyi, ni ninyi wawili. Hasira ninazo, na nimezikalia vya kutosha.

Nilikuona. Asubuhi ile nilikuwa nimepanda kilima cha nyuma kuangalia seng'enge, nikaona gari la kijani limeegeshwa upande wa Leona. Gari lako nalijua. Nikasema Lowell amekuja, anachungulia kulungu, akimaliza atashuka nyumbani. Nikarudi. Nikapika kahawa ya watu wawili, nikatoa na ule mkate wa viazi unaoupenda. Nikakaa. Saa sita kahawa nikaimwaga. Nikapika nyingine. Jioni nikaimwaga na hiyo.

Leona alipokuja kuuliza, hapo ndipo nilipojua umefanya nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ni mwanangu, amepita kwako kama mwizi na kwangu hakuingia. Mdomo ukakataa kulitoa neno hilo mbele ya jirani. Nikasema ni mimi. Nilidhani utapiga simu kesho yake, au kesho kutwa. Ukaniletea ramani.

Nimeitia jikoni, kwenye moto. Mimi nakwenda kuwinda ardhi isiyo na mtu wa kuombwa? Nitavua kofia mbele ya nani?

Ramani ilipokwisha kuungua nilichukua funguo mezani. Ardis, ulikuwa zizini, nilikuona kwenye kioo cha gari unakimbia, samahani sikusimama. Nikaenda kwa Leona. Ubao niliusoma, nikapita. Nikabisha. Akafungua, hakunikaribisha. Nikamwambia, "Leona, nilikudanganya. Lango sikulifunga mimi."

Akasema, "Gunder, umeishi na ng'ombe maisha yako yote, na unataka niamini kwamba uliwafungia maji? Nilijua pale pale jikoni kwako. Unadhani ubao niliutundika kwa ajili ya ng'ombe? Ng'ombe wanakufa. Wewe umenidanganya usoni, baada ya miaka yote ya kuja mlangoni kwangu."

Nikabaki na kofia mkononi, upepo unanitoa machozi, na safari hii hata sikuwa naomba kitu. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia kumtaja si kazi yangu, mwenyewe ana miguu. Akasema, "Ingia, unanipotezea joto la nyumba."

Ninyi wawili mmekuwa mkigombania mahali pa kuniweka kama kabati. Ardis, mjini. Lowell, mtoni. Wewe, Ardis, umekuwa na mimi kila siku, na katika siku zote hizo hukupata moja ya kuniuliza, Baba, kweli ni wewe? Ungeniuliza mara moja tu, sidhani kama ningekudanganya na wewe. Lakini ulirudisha funguo mwenyewe, na ukalia, na hilo nimeliona, ingawa sikusema. Leo nasema. Wewe, Lowell, ulitaka siku moja uniambie nifuate. Ungeniambia! Ningekufuata. Ningekwenda nyuma yako na goti langu hili mpaka popote, hata kama ni mahali pabaya, nikae nilipoonyeshwa. Nimengoja jambo hilo miaka mingi kuliko wewe.

Jana tumekwenda, mimi na Leona. Yeye ndiye aliyeendesha. Hatukwenda kwa hao madume wako watatu. Nilimwambia asimame mahali ambapo hata wewe usingesimama kukojoa, kwa jinsi palivyo patupu. Hakuna kichaka cha kuficha kofia. Alicheka. Nikakaa juu ya ndoo, jua nyuma yangu, upepo usoni, nikatazama. Ukiwa na macho ya haraka huoni kitu. Mimi macho yangu siku hizi hayana haraka. Baada ya muda sikio likageuka, na chini yake kulikuwa na kulungu mzima, na pembeni yake wengine, wamelala wazi kama mawe. Dume la kawaida, pembe moja imevunjika. Risasi moja. Leona alinishika mkono kuinuka, kisha tukashughulika naye polepole, tukipumzika kila mara, wazee wawili tuliojaa damu mpaka kwenye viwiko. Tulicheka sana. Sijacheka hivyo tangu mama yenu afariki.

Mahali hapo sitawaambia. Ardis ameniuliza leo asubuhi, nikamwambia apitishe chumvi.

Nyama tumeikatia kwa Leona. Paja la kwanza ni lake. La Ardis nimelileta nyumbani. Fungu lako nimelifunga kwenye karatasi mimi mwenyewe, nikaandika juu yake LOWELL kwa herufi kubwa, nikalilaza kwenye friza ya Leona juu kabisa, mahali ambapo kila akifungua kutoa kitu atalisoma. Alinitazama nikiandika. Kisha akafunga friza mwenyewe. Litakaa humo mpaka utakapokuja kulichukua, na atakayekupa ni yeye.

Baba yako,
Gunder Brekhus